Darubini ya Joto Porini: Kuona Si Kutambua

Mkulima wa mpunga katika bonde la Rufiji hahitaji kuelezwa dungu ni nini. Ni kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, anakokesha mpunga ukianza kuiva, debe la kugonga likiwa karibu, akilinda shamba lisiliwe na nguruwe. Ujerumani nako yapo madungu, maelfu kwa maelfu, pembezoni mwa misitu na mashamba ya mahindi. Jua likizama, mwindaji hupanda ngazi akaketi na bunduki yake, naye pia akimngoja nguruwe. Zamani alitegemea mbalamwezi, au theluji inayong'arisha ardhi. Usiku wa giza totoro alibaki nyumbani. Siku hizi hutoa kifaa kinachoenea kiganjani, akakitia jichoni, na shamba lote likawa la kijivu, na katikati ya kijivu hicho vitone vyeupe vinatembea. Kila kitone ni joto la mwili.

Wapo wanaokiita kamera ya joto; mimi nitakiita darubini ya joto. Wawindaji wa Ulaya, Marekani na New Zealand wamekuwa wakibishana juu yake: je, kweli inasaidia kumpata mnyama, au ni kutupa pesa? Naona swali lenyewe limeulizwa nusu, maana kumpata mnyama si jambo moja. Mwindaji hujiuliza kwanza kama pale pana kitu. Kisha ni mnyama gani. Kisha ni dume au jike, na kama ni jike, ana watoto? Yuko umbali gani, na nyuma yake kuna nini? Na akishapigwa, ameangukia wapi? Darubini ya joto inalijibu swali la kwanza kuliko chombo chochote kilichowahi kushikwa na mwindaji. La mwisho inalijibu nusu. Hayo ya katikati, ambayo ndiyo yanayoamua kama risasi itoke au isitoke, inayajibu vibaya, tena kwa namna inayomfanya mtu aamini kwamba amejibiwa.

Udhaifu wake wote umo katika namna inavyofanya kazi, kwa hiyo tuanzie hapo. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na kipimajoto kikapanda. Miale hiyo isiyoonekana ndiyo infraredi. Kila kitu chenye joto huitoa, na mwili wa mnyama huitoa kwa wingi zaidi kwenye mawimbi yenye urefu wa mikromita tisa au kumi hivi. Kioo cha kawaida huizuia. Ndiyo sababu lenzi za darubini hizi huchongwa kwa gerimani, ambayo ni ghali, na ndiyo sababu huwezi kuchungulia nayo kupitia dirisha la gari. Nyuma ya lenzi kuna bamba lenye maelfu ya vihisi vidogo vya oksidi ya vanadi au silikoni. Kila kimoja kikipata joto kidogo, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yanayochora picha. Ufundi huo uliendelezwa Marekani kwa ajili ya jeshi katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipoondolewa kwenye siri ukaanza kuwafikia wazima moto, mafundi umeme na, baadaye, wawindaji. Vifaa vya mwanzo vya wawindaji wa kawaida havikuwa hata na picha. Vilikuwa na mstari wa vitaa tu, na vitaa viliongezeka ukielekeza kifaa kwenye joto. Mwenye kifaa hicho alijua kuna kitu mbele yake, na hakujua zaidi. Picha za leo ni nzuri mno, lakini asili ya chombo haijabadilika: hakipimi umbo wala rangi, kinapima tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake.

Hesabu kidogo itasaidia. Chukua darubini ya daraja la kati, yenye vihisi 384 kwa 288, kila kihisi kikiwa na upana wa mikromita 12, na lenzi ya milimita 35. Kwa vipimo hivyo, kila nukta ya picha hufunika sentimita 3.4 za shamba kwenye umbali wa mita 100. Kwenye mita 300 inafunika sentimita 10, na kwenye mita 1,000 sentimita 34. Nguruwe mwenye kimo cha sentimita 70 akiwa umbali wa kilomita moja anabaki nukta mbili tu kwenda juu. Mwaka 1958 John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, alipima mtu anahitaji picha kubwa kiasi gani ili ajue anachokitazama. Kwa lugha ya nukta za leo, alipata takriban nukta mbili kujua kwamba kitu kipo, nane kujua ni kitu cha aina gani, na 13 kukitofautisha na vinavyofanana nacho, na hata hapo ni kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Ukimpigia nguruwe wetu hesabu hiyo, unamwona kwa mita 1,000, unajua ni mnyama wa namna gani kwa mita 250 hivi, na unamtambua barabara akiwa ndani ya mita 160. Tangazo la dukani husema mita 1,800. Halisemi uongo: kwa umbali huo mtu mzima aliyesimama anakuwa nukta tatu. Ila mnunuzi akisoma 1,800 anawaza kumjua mnyama, na muuzaji anamaanisha kuona nukta.

Hali ya hewa nayo ina neno. Usiku wa Novemba katika Ulaya ya kati, ardhi ikiwa na nyuzi tatu au nne, uso na miguu ya nguruwe hung'aa kama taa ingawa manyoya yake mazito huficha joto la kiwiliwili. Mpeleke mwindaji huyo na darubini yake katika nyika ya Afrika saa nane mchana, ambapo udongo umepata moto kuliko ngozi ya swala, na swala atatokea kama doa jeusi lenye ubaridi, au asitokee kabisa. Pundamilia huonekana kwa mistari yake, kwa kuwa mistari myeusi hushika joto la jua kuliko myeupe. Mawe na vichuguu huhifadhi joto la mchana na kuendelea kung'aa usiku, kila kichuguu kikijifanya nyati aliyelala. Kila siku pia kuna nyakati mbili, baada ya jua kuchomoza na karibu na kuzama kwake, ambapo joto la mnyama na la mazingira hukaribiana na picha ikafifia. Saa bora ni alfajiri kabla ya jua, ardhi ikiwa imetoa joto lake lote. Ukungu mzito na mvua huimeza miale. Wengine hudhani darubini ya joto hupenya majani, haipenyi. Inaona kupitia mianya ya majani tu, na kwa kuwa mnyama hung'aa, mwanya mdogo unatosha kumfichua. Katika kichaka kinene hasa, kisicho na mwanya, hata tembo anaweza kupotea.

Nimetaja Ujerumani mwanzoni kwa sababu huko ndiko swali hili limekuwa la sheria, la kilimo na la maadili kwa pamoja, na kisa chenyewe kina mzizi Afrika Mashariki. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu ugonjwa uliokuwa ukiua nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Ni homa ya nguruwe ya Afrika. Kwetu virusi vyake vimeishi tangu kale kati ya ngiri na papasi waliomo mashimoni mwao, na ngiri hadhuriki. Nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote, na tiba hakuna. Mwaka 2007 virusi vya aina inayofanana na ya kusini-mashariki mwa Afrika vilitokea Georgia, kwenye Bahari Nyeusi. Vikaenea Urusi, vikafika Poland na nchi za Baltiki mwaka 2014, Ucheki mwaka 2017, Ubelgiji mwaka 2018. Nguruwe mwitu wa Ulaya, tofauti na ngiri, hufa kwa ugonjwa huu na kuusambaza. Tarehe 10 Septemba 2020 ulithibitishwa Ujerumani, kwa mzoga wa nguruwe mwitu uliopatikana jimbo la Brandenburg, na China ikafunga mara moja soko lake kwa nyama ya nguruwe ya Ujerumani.

Wajerumani walikuwa wameuona ukija. Sheria yao ya uwindaji ya mwaka 1952 inakataza kuwapiga usiku wanyama wenye kwato, isipokuwa nguruwe mwitu, na usiku kwa sheria hiyo huanza saa moja na nusu baada ya jua kuzama na kuisha saa moja na nusu kabla halijachomoza. Taa na vyombo vya kulengea gizani vilikuwa marufuku. Mwezi Februari 2020 sheria ya silaha ilirekebishwa, mwenye leseni ya uwindaji akaruhusiwa kuambatisha kifaa cha kuonea usiku kwenye darubini yake ya kawaida, huku majimbo yakiachiwa kuamua kama kitumike na kwa mnyama yupi. Sababu iliyotolewa ilikuwa nguruwe na homa yake. Darubini ya joto ya mkononi, ya kutazamia tu, haikuwa na kizuizi tangu mwanzo.

Je, imesaidia? Watetezi hutaja idadi ya nguruwe waliouawa. Lakini msimu wa 2019/20, ulioisha mwezi mmoja tu baada ya marekebisho hayo, ndio uliovunja rekodi kwa nguruwe zaidi ya 880,000, na misimu iliyofuata idadi ikashuka. Nguruwe mwitu huongezeka na kupungua kwa mavuno ya mialoni na miti mingine ya porini, kwa ukali wa majira ya baridi na kwa magonjwa. Kwa hiyo anayetumia takwimu za nchi nzima kuthibitisha au kukanusha thamani ya kifaa anapima maji kwa kamba. Ushahidi bora uko kwenye maeneo madogo yaliyodhibitiwa. Homa ilipoingia Zlín, huko Ucheki, serikali iliweka uzio, ikawazuia watu wasiingie msituni, ikaondoa mizoga, kisha ikawatuma polisi walenga shabaha wakiwa na vifaa vya kuonea gizani kuwamaliza nguruwe waliobaki. Mwaka 2019 nchi ilitangazwa kuwa safi, ingawa ugonjwa ulirudi baadaye kutoka nje. Hapo chombo kilikuwa na kazi halisi: eneo lilikuwa dogo, mnyama anayetafutwa alikuwa mmoja, watu wengine wote walikuwa wameondolewa, na hakuna aliyejali dume wala jike kwa kuwa wote walitakiwa kufa. Kwa maneno mengine, maswali ya katikati yalikuwa yamejibiwa kabla askari hawajafika shambani.

Texas inafundisha upande wa pili. Nguruwe walioletwa Marekani na Wahispania katika karne ya 16 wameongezeka mpaka Idara ya Kilimo inakadiria wanapita milioni 6, katika majimbo zaidi ya 30, na Texas ndiyo inayoongoza. Katika mashamba ya watu binafsi wanapigwa usiku na mchana bila kikomo, na darubini ya joto juu ya bunduki imekuwa burudani ya biashara. Hata hivyo wataalamu wa huko husema inabidi kuondoa takriban theluthi mbili ya nguruwe kila mwaka ili wasiongezeke, na kwamba mtego mkubwa unaonasa kundi zima ndio unaofanya kazi. Bunduki ya usiku huua wawili watatu, waliosalia wakatimka na kujifunza. Mkulima aliyelala shambani kwake kulinda karanga atasema kifaa kimemwokoa, naye yuko sahihi kwa usiku ule.

New Zealand nitapita haraka. Hali ya hewa ni baridi, misitu ni minene, na kulungu wote ni wa kuletwa, kwa kuwa visiwa hivyo havikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo. Wawindaji wengi hutembea na darubini ya joto mchana, wakiitumia kama mtu anayechungulia chumba kabla ya kuingia: ikionyesha joto, wanasimama na kutoa darubini ya kawaida. Uwindaji wa usiku katika ardhi ya hifadhi ya umma umekatazwa. Kanuni za usalama wa silaha za huko zinataka mtu ajue shabaha yake pasipo shaka yoyote. Kuona kitu kinachong'aa gizani hakutoshi. Mwaka 2010 mtu aliyekuwa kambini aliuawa kwa sababu taa yake ya kichwani ilidhaniwa kuwa macho ya kulungu.

Jambo hili la kutambua ndilo linalonifanya nisimame kidete. Watoto wa nguruwe mwitu wa Ulaya huzaliwa na mistari ya kahawia na njano mwilini, na mwindaji mwenye taa au mbalamwezi huitumia mistari hiyo kujua umri wao na kumwacha mama yao. Kwa darubini ya joto mistari haipo. Rangi zote za dunia zimefutwa. Zaidi ya hapo, watoto hao hutembea chini ya majani marefu, hivyo jike huonekana peke yake, kitone kikubwa cheupe kinachofaa kupigwa, kumbe nyuma yake wanafuata sita wasioweza kuishi bila yeye. Sheria ya Ujerumani inamwadhibu anayemuua mzazi ambaye wanawe bado wanamtegemea, na sababu yake si hesabu ya wanyama pekee. Ni kwamba kufa njaa ni kifo cha siku nyingi.

Umbali nao hupotea. Picha ya joto haina kina: sungura aliye mita 60 na nguruwe aliye mita 300 wanaweza kuwa na ukubwa mmoja, ndiyo maana vifaa vya bei kubwa hufungwa kipimo cha umbali cha leza. Matawi makavu yaliyo kati ya mtutu na mnyama yana joto sawa na hewa, kwa hiyo hayaonekani, na risasi ikiyagusa hupinda. Nyuma ya mnyama kuna giza tu, wakati risasi ya bunduki ya kuwindia husafiri kilomita kadhaa. Na liko jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji: kioo cha ndani humulika uso wa mwindaji na kuliondolea jicho lake uzoefu wa giza, hivyo akikishusha huwa kipofu kwa dakika kadhaa, na jicho lile lililokuwa likitazama ndilo analolengea.

Vipi kuhusu mnyama aliyejeruhiwa? Wengi hununua kifaa kwa ajili hiyo, wakidhani watafuata damu inayong'aa. Damu iliyomwagika kwenye majani baridi hupoa kwa dakika chache, na baada ya hapo tone la damu na tone la umande ni kitu kimoja machoni pa kifaa. Mwili ni habari nyingine. Kulungu aliyeanguka kwenye nyasi fupi ataonekana kwa saa kadhaa, kwa kuwa mwili mkubwa hupoa polepole. Akiangukia korongoni au chini ya miiba, inabidi uwe juu yake ndipo umwone. Hapa mbwa anabaki bingwa. Mbwa wa Hanover aliyefundishwa anaweza kufuata njia ya mnyama aliyejeruhiwa jana, yenye alama za damu chache sana, akipita katikati ya nyayo za wanyama wengine wazima bila kuchanganyikiwa. Anatambua, ndiyo tofauti yake na mashine. Nikiulizwa na mwindaji mwenye fedha za kitu kimoja, na shida yake ni wanyama wanaopotea baada ya kupigwa, nitamwambia afuge mbwa.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote hayana bunduki. Mwezi Mei na Juni wakulima wa Ujerumani, Austria na Uswisi hukata nyasi za malisho, na ndio wakati kulungu wadogo wa huko huwaficha watoto wao ndani ya nyasi hizo. Mtoto wa wiki mbili tatu akisikia hatari hakimbii, hujibana chini akatulia tuli. Silika hiyo inamkinga dhidi ya mbweha, lakini mbele ya mashine ya kukata nyasi inamwua. Wawindaji na watu wa kujitolea huamka kabla ya jua, wakarusha droni yenye kamera ya joto juu ya shamba, na kila kitone cheupe wanakifuata kwa miguu, wakamnyanyua mtoto kwa mafumba ya nyasi ili harufu ya binadamu isimshike, wakamweka kando mpaka kazi iishe. Tangu mwaka 2021 serikali ya Ujerumani imechangia fedha za kununua droni hizo. Hapa kuona nukta kunatosha kabisa, kwa sababu mtu anakwenda kutazama kwa macho kabla ya kufanya lolote. Nukta ikigeuka kuwa sungura au jiwe lililopata jua, hakuna aliyeumia.

Wapo wanaokataa chombo hiki kwa hoja ya haki ya mnyama. Boone and Crockett Club, klabu ya wawindaji wa Marekani iliyoasishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, haiingizi katika vitabu vyake vya rekodi mnyama aliyepatikana kwa msaada wa kifaa cha joto, wala wa droni. Hoja ni kwamba uwindaji bila nafasi ya kushindwa ni uchinjaji. Nilipokuwa nikiifikiria hoja hii niliiona kwanza kama ya matajiri wanaotafuta pembe za kutundika ukutani, lakini ina uzito kuliko inavyoonekana. Nguruwe na kulungu wa Ulaya wamekuwa wanyama wa usiku kwa sababu mchana tumewanyang'anya. Usiku ulikuwa makubaliano yasiyoandikwa. Tukiwaondolea nao, wanabaki kwenye vichaka saa zote ishirini na nne, wakitafuna magome ya miti michanga kwa kuwa wanaogopa kutoka malishoni, na mwenye msitu anapata hasara ileile aliyotaka kuikwepa. Wawindaji wazoefu wa Ujerumani wenyewe wanalalamikia jambo hilo.

Na kwetu? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo huko swali la mwindaji halipo. Tanzania inaruhusu uwindaji wa leseni, wa watalii na wa wenyeji, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mwenye leseni kuwinda usiku, na mchana wa nyika yetu, kama nilivyoeleza, ndio saa mbaya kabisa ya darubini ya joto. Anayewinda kwa halali hana sababu kubwa ya kuinunua. Analo pia jambo bora zaidi, ambalo ni macho ya wasoma nyayo. Mtu aliyekulia porini akiinama kwenye mchanga anakuambia ni pofu dume, mzito, amepita kabla ya umande kukauka, na mguu wa nyuma anauburuta. Unyayo na darubini ya joto ni vinyume vya ajabu: unyayo unakuambia ni nani bila kukuambia yuko wapi sasa, darubini inakuambia yuko wapi bila kukuambia ni nani. Uwindaji wenye heshima umeanza na nani siku zote. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wanapootea usiku penye maji wakati wa kiangazi, wakiwa na upinde na mishale ya sumu, humsubiri mnyama mpaka afike hatua chache mbele yao. Ukaribu huo ndio unaowapa jibu.

Anayeihitaji darubini ya joto katika mbuga zetu ni jangili. Jangili wa kurunzi husalitiwa na mwanga wake; askari wa wanyamapori huuona toka mbali, wakajua pa kwenda. Mwenye chombo cha joto hatoi mwanga wowote. Kwa sababu hiyo naona vifaa hivi, hasa vile vya kufungwa kwenye bunduki, vinapaswa kuingia nchini kwa kibali kama inavyoingia bunduki yenyewe. Habari njema ni kwamba jangili mwenyewe ni mwili wenye joto. Mwaka 2016 kamera za joto zilianza kutumika Maasai Mara kwa ushirikiano wa shirika la uhifadhi la WWF na kampuni ya FLIR, zikifungwa kwenye gari la doria, na watu waliokuwa wakitembea gizani wakiamini hawaonekani wakajikuta wamezungukwa. Kuona nukta hapa nako kunatosha: mtu anayetembea hifadhini saa saba usiku lazima asimamishwe na kuulizwa, awe nani awaye.

Nirudi kwenye dungu la Rufiji, maana huko ndiko ningependa kukiona chombo hiki kikifika. Mlinzi wa shamba hahitaji kulenga chochote. Anahitaji kujua, kabla hajashuka ngazi, kama kule kwenye giza ni nguruwe wa kufukuzwa kwa debe au ni tembo wa kumwacha apite. Watu wameuawa kwa kumvaa tembo gizani wakidhani ni kichaka. Kwa kazi hiyo kifaa kidogo kabisa cha madukani, chenye vihisi 256 kwa 192 na lenzi ya milimita 19, kinatosha. Bei yake ni dola mia kadhaa, wakati vya wawindaji wa Ulaya hufika elfu kadhaa. Lenzi fupi huona eneo pana, jambo linalofaa shambani kuliko kuona mbali. Nguruwe aliye mita 150 atakuwa na urefu wa nukta kumi kutoka kichwani hadi mkiani, na tembo aliye mita 400 atasimama nukta 12 kwenda juu. Pesa hiyo ni nyingi kwa kaya moja, si nyingi kwa kijiji chenye askari wake wa wanyamapori na paneli ya sola ya kuchajia betri. Mashamba yakipakana, kifaa kimoja katika dungu la katikati, na simu kwa walio pembeni, kinaweza kulinda mpunga wa watu ishirini kuanzia Aprili hadi mavuno.